Kumpiga Behemoth katika Monster Hunter: World: kichwa ni cha mtu mmoja

Mara ya kwanza tulipomkabili Behemoth, lile dubwana la Monster Hunter: World, mchezo wa video wa kuwinda wanyama wakubwa, tulikuwa wanne, wote wazoefu, wote na silaha za maana. Hatukufika hata uwanja wa pili. Vimbunga vilisimama kila kona kama nguzo za nyumba, kila mtu anapiga kelele kwenye simu, na wale paka wa mkokoteni wanaowabeba waliozimia wakatupeleka kambini mmoja mmoja kama magunia ya mkaa. Tukarudia. Tukarudia tena. Usiku huo bando liliisha na Behemoth hata pembe hatukumvunja.

Ilinichukua muda kukubali kwamba tatizo halikuwa nguvu zetu. Wote wanne tulikuwa tunagombania kichwa.

Mwongozo huu ni wa yule ambaye mchezo anaujua, anajua kukunja mwili na kukwepa, ana silaha anayoizoea, lakini kwa huyu mnyama amekwama. Sitaeleza kila pigo lake. Nitaeleza namna ya kuifanya ile vurugu ipungue mpaka ibaki kazi ya kawaida.

Kwanza ujue ametoka wapi

Behemoth si mnyama wa Monster Hunter kwa asili. Alikuja kwa mkataba wa Capcom, wenye mchezo huu, na Square Enix, akitokea mchezo wao wa Final Fantasy XIV. Waliokuwa na PS4 na Xbox One walimpata tarehe 2 Agosti 2018. Wa kompyuta wakasubiri mpaka Desemba mwaka huohuo. Nayataja haya kwa sababu ndiyo yanayoeleza kwa nini anatuchanganya.

Monster Hunter imetuzoesha tabia moja: mko wanne uwanjani, lakini kila mtu anawinda kivyake. Mnyama anamgeukia huyu, anamwacha, anamrukia yule, na kila mmoja anajitafutia upenyo wake. Final Fantasy XIV haiendi hivyo. Kule kuna anayebeba hasira za adui, kuna anayetibu, kuna wanaopiga, na kila mtu anajua kazi yake kabla lango halijafunguka. Behemoth alikuja na sheria za kwao. Ukimchezea kwa sheria za huku, anakuzika.

Kumfungua

Unahitaji kuwa umefika Hunter Rank 16, yaani daraja la 16 la mwindaji. Utaanza na kazi ya A Visitor from Eorzea, ambayo ni ya kumwinda Kulu-Ya-Ku, yule ndege mwizi wa mayai, ila safari hii ameokota fuwele ya ajabu inayomnenepesha mpaka anatisha. Usimdharau, lakini usimhofie pia. Baada yake inafunguka The Legendary Beast, ndipo unapokutana na mwenyewe kule Elder's Recess. Kazi ya He Taketh It with His Eyes inafuata.

Kama unayo Iceborne, ile nyongeza ya mchezo, na umeshajikusanyia silaha za Master Rank, daraja lake la juu, ingia nazo bila aibu. Behemoth hakuwahi kupewa toleo la Master Rank, kwa hiyo silaha hizo zitafupisha kazi sana. Kuna watu watakuambia hiyo si heshima. Waambie waje wao wakubebe.

Kugawana kazi kabla ya kuondoka

Hili ndilo jambo lenyewe. Kaeni mkubaliane kabla hamjabonyeza kuanza.

Mmoja ni mbeba hasira. Awe na ngao. Mkuki na ngao, yaani Lance, ndio chaguo langu la kwanza, Gunlance inafuata, na Charge Blade kwa anayejua kweli kuitumia. Ajaze ujuzi wa Guard mpaka daraja la 5 na Health Boost mpaka la 3. Hesabu ya afya ni hii: unaanza na 100, chakula kizuri kinakuongezea 50, Health Boost ya 3 inaongeza 50 nyingine, unakuwa na 200. Pale mbele hiyo 200 utaihitaji yote.

Mmoja ni mganga. Hii ndiyo kazi ambayo kila mtu anaikwepa kwa sababu mganga hatajwi kwenye hadithi za ushindi. Wide-Range daraja la 5 maana yake ni kwamba ukinywa dawa wewe, wenzako walio karibu wanapona kama wameinywa wao. Ongeza Speed Eating ili dawa iingie upesi, na Mushroomancer ili hata uyoga uliouokota njiani uwe tiba. Silaha inayomfaa ni Sword & Shield, kwa sababu inakuruhusu kutumia vitu bila kuirudisha kwanza alani. Mganga wetu alikuwa dada mmoja wa Tanga ambaye kwa miezi miwili alikuwa anatuambia, "Kaka zangu, mkinikimbia mbali dawa hainyweki kwa WhatsApp." Akawa na haki. Wide-Range ina mipaka ya umbali, kwa hiyo kuzurura mwisho wa uwanja ni kujiua.

Wawili waliobaki ni wapigaji. Kazi yao ni miguu, mbavu na mkia. Si kichwa. Nitalirudia hili mpaka mchoke.

Mzigo wa kubeba

Kitu cha kwanza ni Flash Pod, risasi ya mwanga ya kumpofusha mnyama. Kila mtu, hata mbeba hasira, abebe kiasi kinachoruhusiwa pamoja na wadudu wa kuundia nyingine. Timu isiyo na mwanga isiondoke kambini.

Cha pili ni Farcaster, moshi unaokurudisha kambini hata mkiwa katikati ya vita. Utaona umuhimu wake tukifika kwenye kimondo.

Kisha Lifepowder tatu na vifaa vya kuundia nyingine, Dust of Life moja, Mega Potion kumi, Max Potion mbili. Lifepowder si ya mganga peke yake. Mara nyingi anayezimia ni mganga, na asipokuwa na mtu wa kumwokoa mnakwisha wote.

Mkila kabla ya kuondoka, tafuteni Felyne Insurance, ule ujuzi wa chakula unaosamehe kuzimia kwa mara ya kwanza. Kuzimia kunahesabiwa kwa kundi zima, si kwa mtu, kwa hiyo nafasi moja ya ziada ni dhahabu.

Mitego acheni nyumbani. Behemoth anahesabiwa na wale majoka wazee, hanaswi na hakamatwi.

Uwanja wa kwanza: kumfunga mnyama kwa mtu mmoja

Mkifika, wapigaji na mganga wasimame. Ndiyo, wasimame. Mbeba hasira aingie peke yake na aanze kuchoma kichwa. Akishachoma vya kutosha Behemoth atamkasirikia rasmi, na utaona alama nyekundu ikiwaunganisha, mnyama na mtu wake. Hapo ndipo wengine mnaingia.

Uzuri wa hali hii ni kwamba sasa mnajua mnyama anaangalia wapi. Mwenye mkuki amgeuze aangalie ukutani, mgongo wake uwe kwenu. Wapigaji wanapata mkia na miguu ya nyuma bila kuulizwa swali, mganga anakaa ubavuni mahali anapoweza kufikia wote wanne.

Hasira hiyo haidumu milele. Inapoisha mnyama anakuwa huru tena, na dakika hizo ndizo zinazoua watu. Mwenye mkuki arudi kichwani haraka. Wengine mpunguze kasi, mjilinde, msubiri. Akianguka chini, hapo ruhusa, kila mtu apige atakapo, lakini akiinuka mrudi nafasi zenu.

Sasa lile la kichwa. Mpigaji wa Great Sword, lile panga kubwa, anaona kichwa kiko wazi, mkono unamwasha. Anapiga mara moja, mara mbili, namba zinapendeza. Sekunde chache baadaye hasira imehamia kwake, Behemoth amegeuka mzima mzima na ule mkia wake mrefu umewafagia mganga na mwenzake. Aliyepiga kichwa anakwepa vizuri tu, wala hajui kama amesababisha maafa. Ndiyo maana ugomvi huwa mkubwa baada ya mchezo: mwenye kosa ndiye aliyebaki hai.

Kimbunga

Charybdis sisi tunaita kimbunga, na ndicho chanzo cha vurugu yote inayosimuliwa kuhusu huyu mnyama. Behemoth anatulia ghafla, anakusanya upepo, kisha nguzo ya kimbunga inaota pale alipo mwindaji aliyemlenga. Haiondoki upesi. Moja unaweza kuizunguka. Tatu zikisimama katikati ya uwanja, hakuna tena uwanja.

Dawa yake ni mwanga. Flash Pod ikimpata machoni wakati anakusanya upepo, kazi yote inakatika. Na hapa kuna makosa mawili yanayojirudia.

La kwanza ni watu wanne kurusha mwanga kwa kimbunga kimoja. Mmemaliza risasi nne kwa kazi ya moja. Pangeni zamu. Sisi tulipeana namba, wa kwanza mpigaji fulani, wa pili mwenzake, wa tatu mganga. Akikosa wa zamu anasema "nimekosa" na anayefuata anarusha. Mwenye mkuki anabaki wa akiba, kwa sababu yeye ana ngao usoni.

La pili ni kurusha mwanga ovyo, mnyama akiwa hajaanza upepo. Behemoth aliyepofuka hatulii kama kuku gizani. Anapiga huku na huku bila mpangilio, na ule mpango wenu wa kumgeuzia ukutani umekufa. Mwanga ni wa kimbunga tu.

Na kama mwanga umekosa na wewe ndiye uliyelengwa? Kimbia ukutani. Usikimbilie wenzako, usikimbilie katikati, na kwa jina la Mungu usikimbilie lilipo jiwe la kujifichia. Kimbunga kitaota pale ulipo, basi kipeleke kikaote pembeni ambako hakimsumbui mtu. Mchezaji anayejua kubeba kimbunga chake hadi kona ana thamani kuliko anayepiga namba kubwa.

Mawe

Kuanzia viwanja vinavyofuata, Behemoth anaanza kuangusha mawe kutoka juu. Likianza kushuka toka chini yake. Likishatua, linakuwa mali yenu. Hilo ndilo kinga pekee mtakayokuwa nayo muda si mrefu, na mnyama mwenyewe anaweza kulivunja kwa kulipiga au kulipitia mbio.

Kwa hiyo kazi ya mwenye mkuki inaongezeka: pamoja na kumgeuza asiangalie wenzake, amvute mbali na jiwe. Hii ndiyo sanaa ya nafasi hiyo. Nimeona watu wakibeba hasira vizuri kabisa huku wamesimama na jiwe mgongoni. Pigo linakuja, ngao inazuia, mtu yuko salama, jiwe limegeuka kokoto. Baada ya dakika moja wote wanne wako mkokotenini.

Mtu mmoja, mganga anafaa zaidi, awe anatangaza hali ya mawe: "jiwe moja, kushoto ya mlango". Si lazima useme mengi.

Kimondo

Watu wa Mbozi wana kimondo chao, wageni huenda kupiga nacho picha. Hiki hakipigwi picha. Ecliptic Meteor kinafunika uwanja mzima na kinaua kwa pigo moja, uwe na afya 200 au uwe umevaa mabati yote ya duniani. Ngao haisaidii. Behemoth huita kimondo anapokuwa ameumia vya kutosha na anataka kuhama uwanja. Kwenye chumba cha mwisho anakiita tena na tena.

Njia za kupona ziko tatu.

Njia ya kawaida ni jiwe. Nyuma ya jiwe maana yake ni jiwe liwe kati yako na Behemoth. Wengi hufa hapa kwa sababu wanakimbilia jiwe na kusimama ubavuni, wakidhani kuligusa kunatosha. Geuza kamera, mtazame mnyama. Kama unamwona wazi, hujajificha. Chomeka silaha mapema ukimbie, maana mtu wa Great Sword aliyekwama katikati ya kuchaji hafiki. Na mkisikia wito, acheni kupiga. Ile tamaa ya "pigo moja tu la mwisho" ndiyo iliyotumaliza mara tatu mfululizo.

Njia ya pili ni Farcaster. Ukiona jiwe liko mbali au halipo, irushe mapema, urudi kambini, unywe dawa, uchukue vitu sandukuni, urudi. Hakuna aibu. Mtu aliyekimbia anahesabiwa hai, na kwa hesabu ya kuzimia hiyo ndiyo inayotakiwa.

Ya tatu ni ya mashujaa: ishara iitwayo Jump, ambayo ni sehemu ya ushirikiano huohuo na Final Fantasy XIV. Mwindaji anajikunja na kuruka juu kama mpiganaji wa mikuki wa kule, na akiwa hewani kimondo kinampita. Iweke kwenye menyu ya mkato, usiitafute kwenye orodha wakati anga limeshawaka. Muda wake ni mgumu. Ukiruka mapema unatua kwenye moto. Jifunze ukiwa umeshajificha nyuma ya jiwe, ili ukikosea usife. Baada ya mara kumi hivi mwili unaanza kuusikia wenyewe.

Chumba cha mwisho

Mkifika kwenye pango lake, mpango haubadiliki ila nafasi ya kukosea inakwisha. Vimondo vinakuja kwa kurudia, mawe ni machache, kila moja linatumika mara moja. Tuliposhinda mara ya kwanza tulifanya jambo ambalo linaonekana la kijinga: tulipunguza kupiga. Kila baada ya wito wa kimondo tulihesabu kwanza mawe, ndipo tukaendelea. Kama hakuna jiwe, wapigaji wanarudi nyuma, mwenye mkuki anamshikilia mnyama, tunangoja jiwe lidondoke. Muda upo. Watu hushindwa kwa Behemoth kwa sababu ya kuzimia, ni mara chache saa kuwaishia.

Kabla ya kuingia humo, mtu yeyote aliyepungukiwa risasi za mwanga arudi kambini kuongeza. Mnyama anapohama ndio wakati wake. Wengine msimfuate mpaka mtimie wanne.

Ukiwa na watu usiowajua

Si kila usiku utapata wenzako. Ukirusha SOS Flare, ile ishara ya kuomba msaada, watakuja watu kutoka Japani, Brazili, Ufaransa, na hamtaelewana hata neno. Hapo tazama silaha zao kabla ya kuamua kazi yako. Kama kuna mwenye Lance, muachie kichwa. Kama wote watatu wamebeba upinde na panga, basi mbeba hasira ni wewe, usisubiri kuombwa. Mchezo unakuruhusu kuandaa ujumbe mfupi unaojituma wenyewe unapotumia kitu fulani, mimi nimeweka neno "FLASH!" likitoka kila nikirusha mwanga, ili wengine wasirushe juu yangu. Neno hilo wanalielewa wote.

Ukiona mgeni anapiga kichwa bila kujua afanyalo, usihangaike kumfundisha kwa vibonzo. Badilika wewe: yeye sasa ndiye mbeba hasira, kaa ubavuni, mtie dawa. Hasira kwa mtu mmoja asiyefaa ni bora kuliko hasira inayorandaranda.

Kuhusu mtandao, sina dawa. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, huku kwetu hata ujumbe wa kawaida ulikuwa unasuasua, sembuse Behemoth. Ila siku za kawaida, mkiwa kwenye chumba kimoja cha mchezo mtu akidondoka anaweza kurudi kupitia ubao wa kazi, kwa hiyo waliobaki msikate tamaa: rudini nyuma, acheni kupiga, msubirini. Na simu ya maongezi iweke kwenye kifaa kingine, isile bando moja na mchezo.

Mkishampata mara kadhaa mtakusanya vifaa vya vazi la Drachen, jeusi lenye miiba, na ile Insect Glaive ya Gae Bolg. Vazi ni zuri kwa mapigo mengi. Kuna pia Behemoth wa Extreme, mwenye ukali zaidi kwa kila kitu nilichoeleza. Kwake tulikwenda tukiwa na mpango uleule, dada wa Tanga akiwa mganga, na tulipopoteza mara ya nne aliuliza swali moja tu kwenye simu: "Nani alipiga kichwa?"

Nilikuwa mimi.